Dookie: wimbo uliorekodiwa mara mbili

Bendi ya Green Day ilipotoa albamu ya Dookie, Februari 1994, ukumbi wa muziki uliowalea ulikuwa umeshawafungia mlango. 924 Gilman Street, mjini Berkeley, California, unaendeshwa kwa kujitolea, na wakati huo ulikuwa na sheria zake: pombe hakuna, ugomvi hakuna, na bendi iliyosaini na lebo (kampuni ya kurekodi muziki) kubwa haipandi jukwaani. Vijana hawa watatu walikuwa wameiacha Lookout!, lebo ndogo ya nyumbani, wakahamia Reprise iliyo chini ya Warner. Kwa watu wa panki (nasema ule muziki wa roki wa kasi na hasira, si kunyoa) huo ulikuwa usaliti, na wengi walishahukumu kabla hawajasikia hata wimbo mmoja.

Wapenzi wa Green Day husema ulikuwa wivu tu. Sikubali. Ukumbi wa aina ile unaishi kwa sababu hakuna anayeuona kama soko. Waruhusu mawakala wa lebo waje kuvua vipaji, na kesho kila mpiga gitaa anapiga akiwachungulia wao. Na kweli walikuja. Bendi nyingine ya panki, Jawbreaker, walichukuliwa na lebo kubwa ya DGC, wakatoa albamu ya Dear You 1995, mashabiki wakawapa mgongo, na mwaka uliofuata bendi ikavunjika. Hata ule utetezi kwamba bila lebo kubwa hufiki popote haukumaliza mwaka: bendi ya The Offspring ilitoa albamu ya Smash kupitia Epitaph, lebo huru, ikauza mamilioni. Ingawa ni haki kuuliza kama redio zingeipiga Smash laiti Dookie isingetangulia kuzoesha masikio.

Lakini mashtaka hayakuishia kwenye biashara. Ilidaiwa pia kwamba muziki wenyewe umelainishwa kwa ajili ya wanunuzi, na hapo ndipo washtaki wananipoteza, maana ushahidi upo. Wimbo wa Welcome to Paradise ulikuwa tayari kwenye Kerplunk, albamu yao ya mwisho na Lookout!, kisha wakaurekodi upya kwa ajili ya Dookie. Zisikilize rekodi zote mbili mfululizo. Maneno ni yale yale, hasira ni ile ile, na pale katikati ambapo besi ya Mike Dirnt inabaki ikizunguka kama mtu aliyepotea njia pameachwa palepale. Kilichoongezeka ni mkono wa prodyuza Rob Cavallo: gitaa limenenepa, na kila pigo la ngoma za Tré Cool linasikika peke yake. Aliyeupenda ule wa kwanza akauchukia wa pili alichukia nembo iliyo kwenye jalada.

Basket Case, wimbo mwingine wa Dookie, nao unaeleza hofu inayomvamia mtu ghafla hadi ajihisi anarukwa na akili. Sioni afisa masoko gani angeuagiza.

Albamu haina ukamilifu. Nyimbo 14 ndani ya dakika zisizofika 40, na kadhaa za katikati zinafanana kama ndugu. Hilo halikuizuia kupata tuzo ya Grammy 1995, wala kupita nakala milioni 10 Marekani kabla muongo haujaisha.

Mwaka 2005 Green Day waliziondoa albamu zao za zamani kutoka Lookout!, lebo ile ndogo ya nyumbani, kwa sababu ya mirabaha isiyolipwa. Mei 2015 walipanda tena jukwaa la Gilman, katika onyesho la kuchangisha fedha. Walikuwa bado wako Reprise.