Keateka hana hata mia tano, sasa bomba litatengenezwa na nani?

Mwezi wa nne maji yalianza kudondoka kutoka kwa dari ya choo chetu, tone moja moja, naweka beseni usiku nikiamka asubuhi limejaa. Naishi floo ya pili huku mtaa wa Pipeline, Nairobi, na hayo maji yalikuwa ya choo cha jirani wa juu. Nikamwambia keateka, yule msimamizi wa ploti, akasema atamwambia landilodi. Wiki tatu. Kumbe kilichoisha ni washa tu, ile raba ndogo fundi hutembea nayo mfukoni, lakini kufikia hapo rangi ilikuwa imebanduka yote na waya za taa zimelowa, ukibonyeza swichi unaona cheche. Na kwa nyumba kuna mtoto wa miaka minne.

Ukiuliza wapangaji watakwambia malandilodi wote ni wakora, na siku hiyo hata mimi ningesema hivyo. Lakini nimeongea na mama mmoja rafiki ya mamangu, ana ploti Kayole, nikaona pia yeye ana yake. Laini ya choo ikiziba, fundi anaingiza waya anavuta daipa na matambara, na nyumba 24 zinatumia hiyo laini moja, sasa atamdai nani? Halafu kuna ushuru. Wenye hupata kodi ya nyumba kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, ule ushuru wa kila mwezi ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024, zamani ilikuwa 10, na unakatwa kwa kodi yote iliyoingia, huwezi kutoa kwanza pesa ya fundi. Kwa hivyo ripea ya elfu kumi inatoka kwa kile kimebaki baada ya loni na ushuru, na hapo ndipo mtu anaanza kuambia keateka "ngoja kwanza".

Namwelewa, lakini hiyo ngoja siikubali. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema nyumba iwe ya kukalika siku unaingia na ibaki hivyo mpaka utoke, na kama ni jengo la watu wengi, paa, kuta kubwa, mifereji mikuu na ngazi ni za mwenye nyumba. Mpangaji naye anatakiwa kutunza ndani, mbali na uchakavu wa kawaida. Ubishi huwa hapo katikati, kwa vitu kama washa ya jirani, na shida ni kwamba tunabishana kwanza ndio tutengeneze. Maji hayangoji. Tribunali ya kesi za kodi ya nyumba nayo husikiza tu za nyumba zenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na singo rumu ya Pipeline inapita hapo. Wengine hutengeneza wenyewe wakate kwa kodi, na kama hamkuwa mmeelewana unaweza kurudi jioni ukute kufuli kwa mlango, ingawa landilodi hana ruhusa ya kukufungia.

Maoni yangu ni keateka apewe pesa kidogo ya kila mwezi ya hivi vitu, na maji, stima, choo na paa vishughulikiwe siku hiyo hiyo, nani atalipa tuongee baadaye tukiona kilichoharibika. Mama wa Kayole alikataa hapo hapo, akasema keateka na fundi watakula hiyo pesa, risiti ya mia mbili iandikwe elfu moja. Ni kweli hutokea, nimeona. Lakini picha inaweza kupigwa kabla na baada, na pesa itumwe kwa M-Pesa moja kwa moja kwa simu ya fundi na mpangaji athibitishe kazi imefanywa, ukiwa na hizo meseji hata yule aliyetupa daipa unajua utaanzia wapi kumuuliza.

Mwishowe mama wa Kayole amekubali kujaribu na elfu tatu mwezi huu. Landilodi wetu bado hajasema kitu, dari iko vile vile, na hiyo swichi tumeifunika na selotepu mtoto asiiguse.