Kabla ya kuuliza koini mpya itafika bei gani, uliza nani kaweka dhamana

Siku hizi hapa Mbeya huwezi kukaa kijiweni nusu saa bila kutajiwa koini mpya. Mwanjelwa, Kabwe, vyuoni, hata kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo ambako tulizoea taarifa za misiba na michango ya harusi, sasa hivi kuna mtu anatupia linki anasema jamani hii haihitaji mashine wala umeme, ni simu yako tu, wahi kabla haijapanda. Na kila mtu anauliza itafika bei gani. Mimi naomba swali la kwanza liwe lingine kabisa: kama hii koini haichimbwi, nani anailinda, na huyo anayeilinda akiamua kuiba anapoteza nini? Usipopata jibu hapo bei haina maana yoyote, hata ikipanda ni mali isiyo na mlinzi.

Turudi kwanza kwenye kuchimba. Mtandao usio na bosi una tatizo moja gumu, mtu mmoja anaweza kujifanya watu elfu kumi, akafungua akaunti elfu kumi na zote zikapiga kura kwamba ile hela aliyokulipa jana bado iko kwake. Satoshi Nakamoto alipowasha Bitcoin Januari 2009 alilimaliza hilo kwa kufanya kura isiwe ya kichwa bali ya umeme. Kompyuta zinakisia namba, zinakisia tena na tena, itakayoipata ndiyo inaandika ukurasa unaofuata wa daftari, wastani kila dakika 10, na kompyuta hiyo inalipwa. Ukitaka kurudi nyuma kufuta muamala inabidi uchome umeme kuwazidi wachimbaji wengine wote kwa pamoja, na gharama hiyo ndiyo ulinzi wenyewe.

Inafanya kazi, sibishi. Ila umeme wake ni balaa. Makadirio ya Chuo Kikuu cha Cambridge yanaweka Bitcoin juu ya terawati-saa 100 kwa mwaka. Bwawa letu la Julius Nyerere mitambo yote 9 ikiwaka linatoa megawati 2,115, sasa piga hesabu, unahitaji mabwawa kama lile zaidi ya matano yakizunguka mchana na usiku mwaka mzima kwa kazi ya kukisia namba. Na kwa koini ndogo kuchimba sio kinga kihivyo, Ethereum Classic ilivamiwa zaidi ya mara moja Agosti 2020 na watu waliokuwa na nguvu ya kompyuta kuliko wachimbaji wake, wakaandika upya maelfu ya kurasa.

Ndiyo maana mimi ni muumini wa njia nyingine, ile ya dhamana, yaani anayelinda daftari anafungia koini zake na akidanganya zinakatwa, na sifichi. Koini ya Peercoin walianza nayo 2012 wakiichanganya na uchimbaji. Ethereum, mtandao mwingine wa kripto, waliwasha mnyororo wa pembeni (mnyororo ni lile daftari, kurasa zikifuatana) Desemba 2020, wakauacha utembee karibu miaka miwili, halafu tarehe 15 Septemba 2022, kwa saa zetu ilikuwa saa nne kasoro asubuhi, wakauunganisha na ule mkuu, uchimbaji ukaisha pale pale. Umeme wa mtandao mzima ulishuka kwa kama asilimia 99.95. Watu waliosema haiwezekani walikuwa wengi sana, na wengine ni wasomi wakubwa tu.

Sasa inavyolindwa. Ukitaka kulielewa hili nenda kakae kwenye kikao cha kikoba pale Uyole siku ya hisa. Kisanduku cha chuma kinawekwa katikati, kina kufuli tatu, funguo ziko kwa akina mama watatu ambao hawakai nyumba moja, na yule anayelala na kisanduku hana ufunguo hata mmoja. Wanaitwa, kila mmoja anafungua ya kwake mbele ya wote. Hela inahesabiwa kwa sauti, wa kwanza akimaliza wa pili anarudia, na katibu hagongi muhuri kwenye kitabu cha mtu mpaka hesabu mbili zifanane. Shangazi yangu ni mshika ufunguo. Anaaminika, ni mtu wa kanisa, lakini hakupewa ufunguo kwa sababu ya kanisa, alipewa kwa sababu hisa zake mle ndani ni nyingi na kila mtu anajua akicheza rafu zinaanza kukatwa za kwake.

Ethereum ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba anayekata ni programu, hakuna kikao cha kubembelezana. Mthibitishaji, yaani mlinzi wa daftari, anafungia ETH, ndizo koini za Ethereum, kuanzia 32. Kila sekunde 12 programu inachagua mmoja kwa bahati nasibu aandike ukurasa, na kundi la wengine linaukagua na kutia saini. Kurasa zikishapata saini za watu wenye theluthi mbili ya dhamana yote, mara mbili mfululizo, kama dakika 13 hivi, zimefungwa, na kuzifungua tena maana yake theluthi nzima ya dhamana iteketee.

Kuna kitu hapa watu wengi wanakiruka na ndicho kiini. Mchimbaji hawezi kuchoma umeme ule ule sehemu mbili, akichagua daftari hili kaliacha lile. Lakini kutia saini ni bure, kwa hiyo mwenye dhamana angeweza kusaini madaftari mawili yanayopingana, lolote litakaloshinda yeye yumo, na mifumo ya mwanzo ilikuwa na huo udhaifu kabisa. Dawa yake ni kukata. Ukionekana umesaini kurasa mbili za zamu moja, mtu yeyote akizileta hizo saini mbili zako kama ushahidi, unakatwa dhamana na unatolewa. Na makato yanaongezeka kadiri wenzio waliokosea kipindi hicho hicho walivyo wengi, yaani mmoja aliyeseti vibaya kompyuta yake anaumia kidogo, njama ya theluthi inapoteza kila kitu. Nimesoma mambo mengi ya kompyuta ila hili la adhabu kupanda kwa wingi wa walioshirikiana naliona limepimwa vizuri sana.

Na kwa sisi wa huku ambako mvua ikipiga radi kidogo tu umeme unaondoka, kuzimika sio wizi. Kompyuta yako ikilala unakatwa kidogo, karibu sawa na kile ambacho ungeingiza kwa muda huo, ukirudi unaendelea. Laptopu ya kawaida yenye diski nzuri na intaneti isiyokatika katika inatosha. Yaani kijana wa Iyunga anaweza kulinda mtandao wa dunia bila ghala la mashine, shida ni hizo ETH 32 ambazo huku ni hela ya kujenga nyumba na zaidi. Mtandao wa Cardano wamelegeza zaidi, huko unaelekeza ADA zako, ndizo koini zao, kwenye kundi la mthibitishaji na zinabaki kwenye pochi yako mwenyewe, hazifungwi, na hakuna kukatwa, akizembea mnakosa gawio tu. Algorand ya profesa Silvio Micali wao wanapiga bahati nasibu kwa siri, aliyechaguliwa anajijua mwenyewe na anajitangaza pamoja na ushahidi, kwa hiyo mvamizi hajui amvamie nani mpaka kazi iwe imeshafanyika.

Upande mwingine nao niuseme maana naupenda huu mfumo na sitaki mtu aumizwe nao.

Dhamana inalinda kama iko mikononi mwa wengi. Ronin, mtandao wa mchezo wa Axie Infinity, ulikuwa na wathibitishaji 9 na saini 5 zilitosha kutoa hela. Tisa, mtu anaona ni wengi. Kumbe funguo nne zilikuwa za kampuni moja iliyotengeneza mchezo, na ya tano kampuni hiyo ilikuwa imeruhusiwa kuitumia kwa muda na ile ruhusa haikuondolewa. Machi 23, 2022 wadukuzi wakaingia kwenye kampuni moja wakatoka na zaidi ya dola milioni 600. Iligundulika Machi 29, na sio na mfumo wowote, ni mteja alitaka kutoa hela yake akakuta haitoki. Siku sita! Baadaye FBI wakasema ni wadukuzi wa Korea Kaskazini. Hakuna hesabu ya kompyuta iliyovunjwa pale, kilichotokea ni funguo kukaa nyumba moja.

Steem ndiyo inaniuma zaidi kwa sababu pale hakukuwa hata na udukuzi. Ule ulikuwa mtandao wa watu wanaoandika na kulipwa, walinzi wakuu 20 wanachaguliwa kwa kura na kura zinahesabiwa kwa koini. Februari 2020 Justin Sun akainunua kampuni mama, ambayo ilikuwa na lundo la koini tangu mwanzo kabisa na iliahidi haitalipigia kura. Walinzi wakaogopa wakazifungia hizo koini. Machi 2 masoko makubwa ya kripto, Binance, Huobi na Poloniex, yakapiga kura kwa koini za wateja wao, wateja hawakuulizwa, na walinzi wote 20 wakabadilishwa kwa siku moja. Na kwa kuwa koini ikishatumika kwa kura inachukua wiki 13 kutoka yote, kuna wateja walikuta hela zao zimefungwa kwenye ugomvi usiowahusu. Binance na Huobi waliondoa kura baada ya kelele, wanajamii wakahama Machi 20 wakaanzisha Hive. Lakini umeona eh? Koini uliyoiacha sokoni ni kura uliyompa mtu mwingine. Kila ninayemkuta kaacha koini zake zote huko namwambia hivyo hivyo.

Hata Ethereum ninayoisifu, mwaka 2023 huduma moja tu ya kuwawekea watu dhamana, Lido, ilifika karibu theluthi ya dhamana yote. Ndani yake kuna waendeshaji wengi tofauti, sawa, lakini theluthi ndiyo kipimo cha hatari kwenye mifumo hii, mwenye theluthi akigoma kurasa haziwezi kufungwa, na mwenye theluthi mbili anaamua mwenyewe. Kuna udhaifu mwingine nao, funguo za zamani za watu walioshatoa dhamana yao zinaweza kununuliwa zikatumika kuandika historia ya uongo kuanzia mbali, kwa hiyo kompyuta mpya inayojiunga lazima ianzie kwenye ukurasa wa karibuni ilioupata kwa mtu inayemwamini. Bitcoin haihitaji hivyo. Mimi nakubali hiyo bei, ila mtu anayekuuzia mfumo huu kama hauna kasoro hata moja huyo muulize vizuri.

Tuje kwenye koini za simu sasa. Pi ndiyo inayojulikana zaidi huku, ilianza Machi 14, 2019, mtandao wake ukafunguliwa Februari 20, 2025, nina ndugu hawajawahi kuruka siku bila kubonyeza kile kitufe cha radi. Kubonyeza kule hakukisii namba yoyote na betri lako halilindi kitu, ni njia ya kugawa koini kwa anayerudi kila siku. Daftari lenyewe linatumia mfumo wa makubaliano wa mtandao wa Stellar, alioutoa profesa David Mazières wa Stanford mwaka 2015, ambao hauna uchimbaji wala dhamana: kila nodi, yaani kompyuta iliyojiunga kwenye mtandao, inachagua nodi inazoziamini, na uaminifu ukiungana vya kutosha makubaliano yanapatikana. Ni hesabu safi kabisa. Lakini maana yake swali linabaki pale pale, hizo nodi zinazoaminiwa na wote ni za nani, ni ngapi, na je zimo mikononi mwa timu iliyoanzisha? Kama mnaweza kumwalika mama mkwe wenu ajiunge basi mnaweza kuuliza na hili.

Sheria haitakuokoa bado. Benki Kuu ilitoa tahadhari Novemba 2019 kwamba hizi sio fedha halali nchini, 2021 Rais Samia akaitaka Benki Kuu ijiandae nazo, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mauzo ya mali za kidijitali. Ukipata utakatwa kodi, ukipigwa sijui utaenda ofisi ya nani.

Kwa hiyo ukitumiwa linki ya koini mpya fanya hivi, inakula bando kidogo sana. Mwambie aliyekutumia akuonyeshe tovuti ya kukagulia kurasa za huo mnyororo, koini ya kweli inayo na iko wazi kwa wote, asipokuwa nayo mazungumzo yaishie hapo. Fungua orodha ya wathibitishaji, panga kuanzia mwenye dhamana kubwa, anza kujumlisha asilimia kutoka juu mpaka ufike theluthi, uone umehesabu majina mangapi. Ukihesabu mawili, au matatu yenye jina la kampuni moja na namba mbele, hiyo ni koini ya mtu. Halafu tafuta kwenye maelezo yao imeandikwa wapi mthibitishaji akisaini mara mbili anakatwa kiasi gani, na waanzilishi walijigawia asilimia ngapi kabla ya wewe kusikia jina lake. Nikiwa Uyole Jumamosi niulizeni, mwenye simu inayoingia intaneti tutakaa tuhesabu pamoja.