Ukifika Loiyangalani, anza na gari

Kila msimu wa tamasha la utamaduni la Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, picha ni zile zile: gari limejaa vumbi, nyuma yake Ziwa Turkana, na maneno "Tumefika, kazi imekwisha." Maneno hayo yananiudhi, kwa sababu yanawadanganya wanaojiandaa kwenda mwaka unaofuata. Loiyangalani ni katikati ya safari. Kati yako na lami ya Laisamis kuna zaidi ya kilomita 200 za changarawe na mawe ya volkano, na utazirudia kwa gari ambalo limeshapigwa.

Nakubali, barabara si ile ya zamani. Mradi wa umeme wa upepo ulipoletwa, ile mitambo 365 ilihitaji njia, na kipande cha Laisamis hadi Sarima, ilipo mitambo hiyo, kikatengenezwa. Lakini changarawe nzuri ndiyo inayowafanya watu wakimbize gari. Ile mistari ya barabarani iliyojipanga kama mabati hulegeza kila kilichofungwa kwa nati, na dereva hajui mpaka kitu kidondoke.

Kwa hiyo saa mbili za kwanza ukifika ni za gari. Ziwa lipo, halihami.

Anza na matairi, na usiyatazame kwa kusimama kando. Lala chini upitishe mkono kwenye ubavu wa kila tairi, hasa ule wa ndani usioonekana. Mawe ya kuteremkia ziwani yana makali, na hukata ubavu kuliko yanavyotoboa sehemu inayokanyaga. Tundu la pale panapokanyaga utaliziba kwa mpira wa pancha na kuendelea. Ubavu ni jambo jingine: hukunjwa kila gurudumu linapozunguka, kwa hiyo mkato hupanuka, na ukishaona nyuzi tairi hilo halifai kurudi nalo. Litoe hapo hapo, ukiwa na mwanga na watu wa kukusaidia, usingoje lipasuke Sarima adhuhuri. Ndiyo maana spea ni mbili. Anayekwambia moja inatosha hakutakii mema.

Upepo wa matairi upime asubuhi, yakiwa baridi. Kama kwenye lami ulikuwa na paundi 40 kwa gari lililosheheni, kwenye changarawe shuka hadi 28 au 30, na mwendo usizidi kilomita 60 kwa saa. Ukishusha upepo halafu ukakimbia, tairi litachemka. Pampu yako ya kujazia iwe inafanya kazi, maana Laisamis utahitaji kurudisha upepo kabla ya kushika lami.

Ukiwa bado chini, angalia springi. Jani kuu huvunjika karibu na bolti ya katikati, na ufa wake huonekana kama mstari mwembamba wa kutu. Shokapu iliyolowa mafuta imekwisha. Kaza vifungo vya betri na bolti za keria ya juu. Chujio la hewa ling'oe, ulikung'ute. Ukilipuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje, la sivyo unalisukumia vumbi ndani zaidi.

Rejeta iongezwe maji uliyobeba, injini ikiwa imepoa. Ya ziwa yana magadi, usiyatie. Ya kunywa, lita 5 kwa mtu kwa siku ndiyo kiwango cha chini.

Dizeli piga hesabu ukiwa bado kwenye lami. Kwenda na kurudi weka kilomita 500 pamoja na mizunguko ya huko. Gari zito hunywa lita 15 kwa kila kilomita 100 au zaidi, hiyo ni lita 75, ongeza theluthi moja, 100. Mafuta ya madumu hupatikana Loiyangalani, ila bei ni ya muuzaji na usafi wake huujui.

Egesha pua ya gari ikitazama upepo unaoshuka kutoka Mlima Kulal. Ukiupa mgongo, mlango ukifunguliwa kidogo tu hunyakuliwa na bawaba zikapinda, na mlango usiofunga ni vumbi hadi Laisamis.

Wenye hamu ya kurudi kwa jangwa la Chalbi kupitia North Horr na Kalacha: magari mawili, kiangazi tu, na uliza wenyeji kwanza. Mvua ikinyesha, ule uwanja mweupe ni tope. Na kwa Waelmolo, jamii ndogo ya wavuvi wa ziwani, omba ruhusa kabla ya kutoa kamera. Ni kijiji cha watu wanaoishi pale.

Asubuhi ya kuondoka kaza nati za magurudumu, kila moja ikifuatiwa na ya mkabala wake. Kilomita 50 mbele simama, zikaze tena, uguse kila gurudumu kwa kiganja. Lililo moto kuliko wenzake lina breki inayokwama au beringi inayokufa, na hapo ndipo pa kulifungua, si mlimani.