Reli haikuijenga Mwanza peke yake

Tangu ujenzi wa kipande cha reli ya kisasa cha Mwanza–Isaka, kilomita 341, uzinduliwe mwaka 2021, hoja moja inarudiwa sana: reli ndiyo iliyoikuza Mwanza, na reli mpya itaikuza tena. Nusu ya kwanza ina ushahidi. Kabla ya mwaka 1928, pamba ya Usukumani ilipanda meli hadi Kisumu, kisha treni ya Kenya hadi Mombasa. Reli ya kutoka Tabora ilipofika ziwani, mzigo ukapata njia yake ya kwenda Dar es Salaam, na Mwanza ikawa mahali meli na behewa zinapokutana. Maghala na maduka yakafuata.

Ila treni haikuuliza nani anafaidika. Bei na uzito vilikuwa mikononi mwa wanunuzi, na malalamiko ya wakulima kupunjwa kwenye mizani yalikuwa mengi. Kilichobadilisha mambo ni wakulima wenyewe kujipanga. Mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika uliojulikana kama VFCU, ukiongozwa na Paul Bomani, na kabla ya Uhuru ulikuwa umeshika ununuzi wa pamba Kanda ya Ziwa na kumiliki vinu vya kuchambulia. Hapa ndipo penye uzito kwangu. Kilo 100 za pamba mbegu hutoa nyuzi kama kilo 35 tu. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni mbegu, yaani mafuta na mashudu. Mwenye kinu ndiye mwenye hivyo vyote. Fedha ilipobaki Kanda ya Ziwa, mji ulinenepa, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ukapata kiwanda cha nguo, Mwatex.

Wanaoubeza ushirika nao wasikilizwe. Ubadhirifu ulikuwepo, na malipo ya mkulima yalichelewa. Lakini Serikali ilipovunja vyama vikuu mwaka 1976, mkulima alipoteza chombo chake bila kupata kilicho bora. Soko huria la mwaka 1994 lilirudisha ushindani wa wanunuzi, lakini mfumo wa kumkopesha mkulima mbegu na dawa ukayumba. Mji wenyewe uliokolewa na minofu ya sangara na dhahabu ya Geita, wala si na pamba.

Kwa hiyo naiunga mkono reli mpya, na bado nina wasiwasi nayo. Sehemu kubwa ya pamba yetu inauzwa nje ikiwa nyuzi ghafi, na treni ya kasi itaiondoa upesi zaidi. Mjadala wa nauli za mizigo uanzie hapo: behewa la vitambaa vilivyofumwa Kanda ya Ziwa litozwe kidogo kuliko behewa la marobota.