Chuma Kikipunguza Kelele: Maoni ya Kwanza Kuhusu Rampen

Aliyezoea kupita karakana za Unga Limited hapa Arusha, grenda zikilia na mtu akinyoosha bati kwa nyundo, hana sababu ya kuuogopa muziki wa indastriali, ule unaotengenezwa kwa kelele za vyuma na mashine. Sikio lake limeshafanya mazoezi. Shida yake ni nyingine: akisikia kundi la Kijerumani la Einstürzende Neubauten limetoa albamu, anategemea fujo ile ile ya miaka ya 80, na Rampen, iliyotoka Aprili 2024, haimpi. Ni rahisi kusema wazee wamepoa. Mimi naona wamehamisha uzito tu, kutoka kwenye pigo kwenda kwenye kile kinachobaki baada ya pigo.

Kundi lilianza Berlin Magharibi mwaka 1980, na jina lake maana yake ni majengo mapya yanayoporomoka. Vyuma chakavu, drili, mabati, matoroli ya dukani, vyote vilikuwa ala. Januari 1984 baadhi yao walishiriki onyesho kwenye kituo cha sanaa cha ICA jijini London ambako jukwaa lenyewe lilitobolewa kwa mashine, na picha hiyo ndiyo iliyoganda vichwani mwa watu. Ukiisikiliza Rampen huku ukiisubiri ile drili, utaikosa albamu nzima.

Jina ndilo ufunguo. Rampe kwa Kijerumani ni rampu, mwinuko kama ule wa zege ambao gari hupandishwa ili fundi aingie chini. Kundi linaliita hivyo jambo wanalolifanya jukwaani: wanaanza na kitu kidogo sana, halafu wanapanda hewani mbele ya watu bila wimbo ulioandikwa. Rampu za ziara ya 2022 ndizo zilizochukuliwa studio zikawa nyimbo 15 kwenye santuri mbili. Ndiyo maana nyingi zinazunguka besi moja ya Alexander Hacke, na sauti ya mwimbaji Blixa Bargeld inakaa chini, nusu kuongea nusu kuimba. Anayetafuta kiitikio cha kupiga naye kelele atachoka mapema.

Sasa chuma chenyewe. Wengi wetu tulisoma shule ambazo kengele yake ni ringi la gari au kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mti. Kile kipande cha reli kinaeleza muziki huu kuliko maneno mengi. Uzi wa gitaa ukitoa mtetemo wa 200 kwa sekunde, juu yake hupanda 400, 600, 800, hesabu safi, na sikio linasema hii ni noti. Chuma kilichonyooka kinachoning'inia hakifuati hesabu hiyo. Kikitoa 200, inayofuata inakuja karibu na 552, kisha karibu na 1,080. Sikio linashindwa kuamua ni noti gani, linabaki linatafuta. Kipige kwa nguvu, unasikia mshtuko tu. Kipige taratibu halafu ukiache, zile sauti zisizopatana zinazimika kila moja kwa wakati wake, za juu zikitangulia. Neubauten wa Rampen wanacheza humo, kwenye mkia wa sauti. Ni ufundi mgumu zaidi kuliko kutoboa jukwaa, ingawa haupigwi picha vizuri.

Lawama yangu ni urefu. Rampu nzuri inakufikisha juu; kuna nyimbo katikati ya albamu zinazopanda nusu, zinasimama na gari likiwa limeinama. Kilichowasisimua waliokuwa ukumbini, kwa kuwa hakuna aliyejua kinaelekea wapi, hakibaki na mvuto ule ule kikishahaririwa. Nyimbo 11 zingetosha.

Kabla ya kukubaliana au kubishana nami, angalia unasikilizia nini. Spika ya simu haina uwezo wa kutoa sauti za chini, kwa hiyo besi ya Hacke inageuka fununu na wimbo unaonekana mtupu. Sabufa ya sebuleni ina kosa la upande wa pili: inavimbisha besi mpaka vyuma vinazama. Punguza kitufe cha besi hadi robo, itoe sabufa kwenye kona ya chumba (kona huongeza besi yenyewe), iache nusu mita kutoka ukutani. Kisha chungulia kabati la vyombo. Glasi zikitetemeka na kundi hili, utadhani ni ala yao.

Faili nalo lina lawama. MP3 ya 128 (kilobiti kwa sekunde) inakula takriban MB 58 kwa saa, ya 320 MB 144, na FLAC, faili lisilopunguza chochote kwenye sauti, kati ya MB 300 na 400. Kwa muziki wa kawaida ningesema okoa bando. Kwa chuma, hapana: 128 hutawanya lile pigo kali, ukasikia mchakacho mfupi kabla nyundo haijagusa, na sauti za juu kabisa hukatwa. Chukua angalau 320. FLAC ni bora, ila sabufa nyingi za kuchomeka fleshi haziisomi, hivyo icheze kwenye simu na usikilize kwa hedifoni za waya. Baadhi ya spika za bluututhi hujizima zikiona ukimya, zikiamka zinameza mwanzo wa sauti inayofuata. Albamu yenye mikia mirefu kama hii inaharibika kabisa hapo.

Usiongeze sauti kufidia. Kwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa usalama kazini Marekani, sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwenye 100, kiwango cha grenda, ni dakika 15 tu. Mafundi wetu wengi hawavai kinga, hilo ni kosa la kazi. Shabiki hana kisingizio.

Kwenye programu ya simu zima uchanganyaji wa mpangilio, zima kile kipengele kinachounganisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata, na zima uchezaji wa kuendelea wenyewe. Wimbo wa mwisho unaitwa Gesundbrunnen, jina la mtaa wa Berlin, na ukisahau hilo la tatu, kabla haujamaliza kutua utadandiwa na singeli.