Hongera, rais wa miezi saba

Ukisikia mtu Moshi anapongezwa kwa kuchaguliwa rais, usikimbilie kumwomba ajira. Huyo ni rais wa klabu ya kujitolea, kama zile za Rotary au Lions, anayeshika kiti mwaka mmoja. Ikulu yake iko kwenye buti ya gari: kengele, nyundo, bango lililokunjwa vibaya, na boksi la madaftari ya msaada yaliyobaki tangu rais wa mwaka juzi.

Tatizo la kwanza ni kalenda. Rotary ilizaliwa Chicago mwaka 1905, na mwaka wake, sawa na wa Lions, unaanza tarehe 1 Julai. Chicago Julai ni joto. Moshi Julai ni baridi na ukame, mlima umejifunika blanketi, na mheshimiwa kaapishwa jana anataka kuanza na miti. Haya, panda! Miche 500, kila mmoja lita tano mara mbili kwa wiki: hiyo ni simtanki ya lita 5,000 kila wiki mpaka vuli ije. Nani anabeba ndoo? Wenzako walishapiga picha wakaondoka. Septemba utakuta vijiti, na mbuzi anakagua kama kuna kilichosahaulika.

Mwenye akili Julai anatafuta shule yenye uzio na maji. Septemba anachimba mashimo, sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, anachanganya udongo wa juu na debe la samadi iliyooza (mbichi inaunguza mizizi), anasubiri mvua. Ila shimo halina mvuto kwenye picha, ndiyo shida.

Halafu benki. Kubadilisha watia saini kunataka muhtasari wa kikao uliosainiwa, picha, vitambulisho vya NIDA. Jina la mweka hazina kwenye muhtasari lina herufi moja zaidi ya kitambulisho? Rudi nyumbani, mangi. Hundi ziendelee kusainiwa na rais aliyestaafu, naye yuko Dodoma. Makaratasi haya huandaliwa Mei, si Julai.

Na ile orodha ya wanachama! Rotary inadai klabu ada kwa idadi ya wanachama waliosajiliwa tarehe 1 Julai na 1 Januari. Yule aliyehamia Mwanza bila kuaga, katibu asipomfuta kabla ya hapo, mnamlipia nusu mwaka mzima. Hata salamu hatumi.

Kwenye grupu la WhatsApp mko 40. Saa kumi na mbili jioni kila mtu "nipo njiani", mwingine yuko bafuni. Hoteli imepika sahani 25, mmefika 11, na sahani 14 za kuku zinalipwa na mfuko uliochangiwa madawati. Agiza kwa waliolipa kabla ya saa sita mchana tu. Wengine wapewe chai. Watanuna, lakini kikao kijacho watanuna wakiwa wamelipa.

Sasa hesabu miezi kumi na miwili ya urais wako. Desemba ndugu wa Dar wamepanda kula sikukuu, kila mwanachama yuko kwenye kamati ya harusi au kipaimara. Machi mpaka Mei masika, barabara za Kibosho ni utelezi. Juni unakabidhi. Imebaki saba, na miwili umeimalizia benki.

Siku ya kukabidhi, rais mpya anapokea kengele, anashukuru, anasema yeye ataanza na miti.