Friji la Stika

Mwenzenu nilienda Unguja kupumzika. Bei za hoteli zilinipa kizunguzungu, nikaangukia hosteli moja Mji Mkongwe: chumba kimoja watu sita, vitanda vya deka, na mimi na kitambi changu nikapangiwa juu. Hayo niliyavumilia. Kilichonishinda ni friji. Kila kitu kina stika ya jina. Yai lina jina. Nusu limau ina jina! Nikaapa sibandiki kitu. Kwetu cha kwenye friji ni cha aliyewahi kuamka.

Jioni ya pili wakaamua kila mtu apike cha kwao, tule pamoja. Nikashangilia. Sikujua kila sahani ina hotuba: bibi wa nani, kijiji gani, huku tumbo langu linanguruma kama bodaboda mbovu.

Akaanza Mhispania na kitu anaita tortilla. Viazi na mayai, basi. Nikamwambia, dada, hii ni zege, pale Kinondoni naletewa na kachumbari kabla sijakaa vizuri. Akanuna. Akaendelea kuvipika viazi polepole kwenye mafuta, eti visikauke. Mara akaingia Mhispania mwenzake, akaona kitunguu ndani, pakawaka! Kumbe huko kwao zege kutiwa au kutotiwa kitunguu ni ugomvi wa nchi nzima. Sisi tunasubiri tu.

Kijana wa Sicilia alipika tambi na biringanya. Kwa wema wangu nikamvunjia tambi ziingie sufuriani, kama mama anavyofanya. Alishika kichwa kama kafiwa. Nikamtuliza: kaka, usijali, sisi tunazipika kwa tui, sukari na hiliki. Akakaa chini sakafuni.

Mjapani akafinyanga wali pembetatu, akaufunga kwa mwani mkavu. Mwani! Kina mama wa Paje wanaulima tangu 1989 uende nje, sijamwona hata mmoja akifungia wali. Akasema si mwani ule. Sawa.

Ikafika zamu yangu. Niseme ukweli, mimi ni mteja wa mama ntilie. Lakini Darajani nilishanunua sembe, dagaa mchele na nazi, nirudi nyuma vipi? Nikauliza kwa sauti, "Mbuzi iko wapi?" Dada wa Kijerumani, ambaye hali nyama na anajifunza Kiswahili kwenye simu, akatoka jikoni mbio. Nikamfuata hadi uchochoroni kumweleza kwamba ni ya kukunia nazi. Narudi, ugali umeshika chini. Mwiko hakuna. Nikasonga na kijiko cha mbao cha saladi, kikakatika. Mabonge kila mahali.

Nami nikatoa hotuba. Nikasema huu ndio ugali wa asili wa ukoo wetu, mabonge hayo ni heshima kwa mgeni. Wakapiga picha. Wakaungua vidole. Ukabaki nusu sufuria, moyoni nikasema safi, kesho kiporo na chai ya rangi. Nikapanda kitandani na kipande kimoja cha zege tumboni.

Asubuhi nafungua friji. Ugali upo, umekatwa vipande vya mraba, umefunikwa vizuri bakulini. Una stika. Jina la yule Mjerumani.

Nikamkuta mezani anaupaka jamu ya embe. Nikaomba kipande. Akanikatia, lakini akakizuia kwanza mkononi, akaanza kunieleza: huu ni ugali wa asili wa ukoo fulani wa bara, na haya mabonge unayoyaona...